Marehemu Aliyetunza Mwani

Tulizeni roho zenu, nchi ninayoisimulia si yenu. Yenu ina wakubwa wanaosikia wakiambiwa, nami nawapa hongera. Hii yangu iko mbali, ni ya visiwa, na jina lake silitaji kwa sababu mwenyewe hajanipa ruhusa. Mimi nilikuwa Mshereheshaji wa Taifa. Kazi yangu ilikuwa kushika kipaza sauti na kuwaambia watu wakati wa kupiga makofi na, ikibidi, wakati wa kuacha, ingawa hilo la pili halikuwahi kunihitaji.

Nchi yetu iliishi kwa mwani. Wanawake waliulima baharini. Walichomeka vigingi mchangani, wakafunga kamba kati ya kigingi na kigingi, na kwenye kamba wakaning'iniza vichipukizi vya mwani kwa uzi. Maji yakijaa, mwani unanenepa. Maji yakitoka wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya kila wiki mbili, wanawake wanashuka kuuvuna, na vichipukizi bora wanavirudisha kambani viwe mbegu. Wanaume waliiita kazi ya wanawake. Waliitazama kutoka barazani na jioni wakala kilichotokana nayo, kwa adabu zote.

Kiongozi wetu, Mheshimiwa Mlezi Mkuu, aliupenda mwani kuliko waliokuwa wakiulima. Sikukuu moja ya taifa alisema mwani ni mtoto wake wa kumzaa. Makofi ya siku ile niliyaongoza mimi, kwa hiyo nakumbuka vizuri. Wiki iliyofuata Bunge likapitisha sheria kwamba mtoto wa Mlezi Mkuu haugui. Atakayesema mwani unaumwa amemwombea mabaya mtoto wa Rais, na mahali pake ni gerezani. Sheria ilipita kwa sauti moja, na sauti yenyewe ilikuwa ya Spika.

Kisha ukaja mwaka wa joto. Maji ya bahari yakawa vuguvugu kama ya kumkanda mzazi, na mwani ukaanza kuingia weupe. Ilianza ncha, ikafuata katikati ya tawi. Mahali palipopauka palilainika, ukipagusa panakatika mkononi, na kilichobaki kinakwenda na maji. Mtaalamu wetu pekee wa mambo haya, Dkt. Zeyana, alikitazama kipande kwenye hadubini akasema waziwazi kwamba ni bakteria. Joto limeuchosha mwani, alisema, na vijidudu vinaingia kwenye mwani uliochoka. Kisha vinasafiri kwa maji, kwa kisu, kwa mbegu, hata kwa miguu ya watu. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amepandishwa cheo kuwa balozi wetu katika nchi moja ya jangwa isiyo na bahari. Waziri Makungu, Waziri wa Bahari na Sifa, alimsindikiza mwenyewe uwanja wa ndege na shada la maua.

"Nchi hii haina bakteria," Waziri aliwaambia waandishi wa habari pale pale uwanjani. "Walikuwepo zama za mkoloni, wakaondoka naye. Weupe mnaouona ni usafi."

Nikawaambia watu wapige makofi.

*

Kijiji cha Mtunguu kiko mwisho kabisa wa kisiwa cha kusini, na wanawake wa huko walikuwa na mila yao. Mwanamke ambaye kamba yake imeingia weupe hukaa ndani kama aliyefiwa na mume. Hujifunga nguo nyeupe, hakanyagi bahari, haazimi kisu wala haazimwi, wala hagusani na mwenye shamba lililo zima, mpaka mwani wake umalize kuoza na bahari ivisafishe vigingi. Wenzake humwekea chakula mlangoni. Muda ukiisha huoga, hutoka, na yule ambaye shamba lake limenusurika humkatia mbegu bure. Mila yote hiyo haikuhitaji mtu kutamka kwamba mwani unaumwa, hivyo mbele ya sheria ilikuwa safi kabisa.

Mwaka ule nguo nyeupe zilitoka makabatini nyumba baada ya nyumba. Ikafika mahali wanawake wote wa Mtunguu wamekaa ndani isipokuwa mmoja. Huyo ni Bi Mize. Shamba lake lilikuwa ng'ambo ya mkondo, kwenye kina na maji ya baridi, mahali ambapo wenzake walimcheka miaka yote kwa kupenda kujitesa. Kamba zake zilibaki na rangi ya kahawia, zimejaa, zimenona. Vijiji vingine havikuwa na mila ya kukaa ndani. Waliazimana visu na mbegu kwa wema wa moyo, na wema wao ukaueneza weupe pwani nzima. Kwa hiyo zile kamba za Bi Mize ndizo zilikuwa mbegu ya Mtunguu, na nijuavyo mimi, mbegu ya nchi. Kila mwanamke aliyekaa nyuma ya mlango alikuwa anamsubiri yeye. Kamba zile zikipotea, hakuna wa kumkatia mwenzake.

Mumewe aliitwa Faki, fundi wa kusuka vitanda vya kamba, mtu wa maneno machache. Watu walimwita Baba Shame, kwa jina la mwanawe aliyehamia mjini. Vitanda vyake vilisifiwa kisiwa kizima. Shambani kwa mkewe hakuwahi kutia mguu, kwa sababu ni mwanamume na wanaume wenzake walikuwa wanatazama.

*

Sheha wa Mtunguu, mkuu wa kijiji, kama sheha yeyote mwenye kupenda kazi yake, alipiga simu mjini kueleza kwamba wanawake wa kijiji chake wamekaa eda.

"Kafa nani?" wakamuuliza.

"Hajafa mtu."

"Sheha, kijiji kizima kinakaa eda bila ya maiti?"

Sheha angeweza kusema sababu. Lakini sababu ilikuwa kosa la jinai, na mkewe alikuwa mmoja wa waliovaa nyeupe. Akasema hajui.

Watu wa usalama walikaa wakalifikiria jambo hili kwa akili zao zote. Wanawake wa kijiji kizima, walisema, hawawezi kumkalia eda mtu mdogo. Aliyekufa lazima ni mkubwa. Na nchi yetu ina mkubwa mmoja tu. Kwa hiyo Mtunguu wanamwomboleza Mheshimiwa Mlezi Mkuu, ambaye saa hiyo alikuwa anakula mkate wa kumimina na chai ya maziwa. Habari zikapenya sokoni kwamba Mheshimiwa amefariki na serikali inaficha. Jioni baadhi ya watumishi wa umma walionekana wakitabasamu bila kibali.

Waziri Makungu alikuja ofisini kwangu amerowa jasho. "Mheshimiwa ameuawa Mtunguu," akaniambia. "Kwa midomo. Sasa lazima akaonekane anaishi."

Ndipo ikazaliwa Ziara ya Uhai. Mheshimiwa angepita vijiji vyote vya mwani, kuanzia kaskazini mpaka Mtunguu. Katika kila shamba angeingia majini kwa viatu vyake vya mpira, akate mwani kwa kisu chake cha mpini wa dhahabu, afunge kichipukizi kimoja kwa mkono wake mwenyewe, na kipande alichokata akitie kwenye tenga la taifa kwa ajili ya shamba linalofuata. Fundo hilo likapewa jina la Fundo la Uhai. Waziri alilipenda sana wazo la tenga. Alisema kila kijiji kitapata kidogo cha mwenzake, na huo ndio umoja wa kitaifa.

Nilikuwa nyuma ya Mheshimiwa muda wote na kipaza sauti changu. Kijiji cha kwanza mwani wote ulikuwa mweupe, nao ulikatika wenyewe kabla ya kisu kuugusa. Mheshimiwa akausifu kwa utii wake. Tenga likaanza kuvuja maji mazito yenye harufu, na kila tulipokwenda liliacha mstari mchangani. Vijiji vya katikati vilikuwa bado na kamba chache nzima, na wanawake wenye kamba hizo walisimama pembeni, viganja mdomoni, wakitazama tenga linavyokaribia. Niliwatangaza kuwa wamezidiwa na furaha.

*

Mimi hutangulia siku moja kufunga spika. Mtunguu nilizifunga juu ya mnazi uliokuwa ubavuni mwa nyumba ya Bi Mize, na nikiwa kule juu nikamwona Sheha anapiga hodi. Masikio yangu ni mali ya taifa, sikuwa na haki ya kuyaziba.

"Bi Mize, kesho Mheshimiwa atafunga fundo shambani kwako."

"Kwa mbegu ipi?"

"Aliyokuja nayo."

"Na kisu?"

"Chake."

"Kilichokata wapi, Sheha?"

Sheha akatazama vidole vyake vya miguu. "Kote," akasema.

Bi Mize alikuwa anachambua mchele. Akauweka ungo chini. "Akiingia mle ndiyo kwisha habari yetu. Mkeo yumo ndani ananisubiri mie. Dada'ko yumo ndani. Nitawatoa kwa mbegu gani?"

"Najua. Sasa mie niseme nini? Neno lenyewe halisemeki."

"Basi nenda, baba. Nenda usije ukaonekana hapa."

Sheha akaondoka. Bi Mize akabaki amekaa na ule mchele bila kuugusa. Niliteremka mnazini kimya kimya. Sikuipenda ile hali, lakini sikuwa na kipengele cha kazi kinachoniruhusu kutokupenda.

Asubuhi maji yalitoka vizuri. Msafara ukashuka pwani: Mheshimiwa, Waziri, kanali wa ulinzi, kamera za televisheni, mabaharia wawili wenye tenga, na mimi. Sheha alitakiwa amtoe mwanakijiji mmoja wa kushika viatu vya ngozi vya Mheshimiwa wakati amevaa vile vya mpira. Wanaume wote waligombea heshima hiyo, na kwa kuwa shamba ni la Bi Mize, akapewa mumewe. Faki akatembea nyuma yetu, kiatu kimoja kila mkono, amevibana kifuani kama mtu aliyebeba mayai.

Tulivuka mchanga, tukavuka majani, tukafika ukingo wa pili wa mkondo. Hapo ndipo shamba lilipoanzia. Kwenye kigingi cha kwanza alikuwa amesimama Bi Mize, maji magotini, amejifunga nyeupe kutoka kichwani hadi miguuni.

Kanali akashika mkanda wake. Ziara yote ile ilikuwa imeundwa ili kuikanusha nguo hiyo, na sasa kamera tatu zilikuwa zinaitazama.

"Bibi," akasema Waziri Makungu kwa sauti iliyokauka, "uliambiwa uvae kijani."

"Nimefiwa, Mheshimiwa."

Mlezi Mkuu tayari alikuwa ameunyanyua mguu wa kulia. Kiatu cha mpira kilikuwa juu kabisa ya kamba ya kwanza, kinadondosha matope ya vijiji vyote tulivyopita. Akautuliza hapo hapo, hewani. "Umefiwa na nani?" akauliza polepole.

Nilijua sauti ile. Niliwahi kuisikia mara chache, na waliojibu vibaya sikuwaona tena. Bi Mize akisema hakuna aliyekufa, basi nguo ile ni kejeli. Akisema mwani, ni gereza. Akinyamaza, jibu ni lile la sokoni, kwamba aliyekufa ndiye huyu aliyesimama kwa mguu mmoja.

"Na mume wangu," akasema Bi Mize.

"Mume wako nani?" Waziri akadaka.

"Faki."

"Faki yupi?"

"Huyo nyuma yenu."

Tukageuka wote. Faki alikuwa amesimama na viatu vyake kifuani. Taratibu zinasema anayeulizwa na Mheshimiwa lazima asikike na umma, kwa hiyo nikamsogezea kipaza sauti mdomoni. Kule kijijini spika zilikuwa wazi. Nyuma ya kila mlango walikuwa wanasikiliza.

"Wewe ndiye mume wa huyu?" akauliza Mlezi Mkuu.

"Ndiye mimi, Mheshimiwa."

"Anasema umekufa."

Faki hakuwa ameambiwa chochote. Hilo nililiona kwa macho yangu. Alimtazama mkewe, akalitazama lile tenga linalovuja, akakitazama kisu, kisha akazitazama kamba za kahawia zilizokuwa zinacheza chini ya maji. Mtu mwingine angecheka, au angeomba radhi kwa niaba ya mkewe, nasi tungempa makofi. Mguu wa Mheshimiwa ulianza kuchoka hewani.

"Kama yeye kasema," akajibu Faki, "basi nimekufa."

"Lini?" akauliza Waziri.

"Leo asubuhi. Sikutaka kuwaharibia sherehe."

Sauti yake ikapanda kwenye mnazi na kurudi kwetu juu ya maji. Waziri Makungu alifumba macho, akayafumbua, na nikaona nuru inamwingia usoni taratibu. Akamnong'oneza Mheshimiwa sikioni, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa karibu, taifa zima likasikia.

"Mheshimiwa, huyu ndiye maiti tuliyekuwa tunamtafuta. Walikuwa wanamlilia huyu."

"Kijiji kizima?"

"Alikuwa mtu wa watu."

"Walianza wiki tatu kabla hajafa?"

"Ni watu wenye kujiandaa, Mheshimiwa."

Mlezi Mkuu akafikiri. Maji yalikuwa yameanza kurudi. Yalivuka magoti ya Bi Mize, yakampanda. Hakusogea. Mbele ya kamera tatu, kiongozi mcha Mungu hamwingilii mjane wa siku moja mahali alipo. Hatimaye Mheshimiwa akaurudisha mguu nyuma, kiatu kikatua mchangani, na mimi nikajikuta nimemshukuru Mungu bila kupewa ishara.

"Mpeni pole," akasema. Fundo la Uhai akaenda kulifunga kwenye ule mnazi wa spika. Kabla ya kuondoka alinyoosha mkono apewe viatu vyake, kisha akaukunja. Alisema haifai kupokea kitu kutoka kwa marehemu. Kanali akavichukua kwa niaba yake.

*

Serikali haikufanya ubahili. Faki alizikwa alasiri ile ile kwa heshima zote. Ndani ya jeneza waliweka gogo la mgomba, na Mheshimiwa mwenyewe alitupia udongo ili wananchi waone kwa uwazi nani amekufa na nani anaishi. Faki alikuja kuzika, lakini aliombwa kwa upole asisimame safu ya mbele.

Bi Mize akaingizwa ndani, na askari mmoja akawekwa mlangoni kulinda heshima ya eda. Hapo ndipo hatari ya pili ilipojitokeza. Mwani hauachwi peke yake. Kamba hulegea, uchafu huganda, majani ya bahari huukaba, samaki huutafuna. Ukipita bamvua moja bila mkono wa mtu, unaumia. Zikipita mbili, unachoka, na mwani uliochoka ndio vijidudu vinaoutaka. Wanawake wote walikuwa ndani. Wanaume walikuwa barazani, na kwa mwanamume kuonekana amechuchumaa kwenye kamba za mwani ilikuwa aibu ya kuhamia kisiwa kingine.

Faki akashuka. Mtu aliyekufa haoni haya.

"Naona mtu baharini," askari akamwambia Sheha siku ya kwanza.

"Humwoni," akajibu Sheha. "Yule ni marehemu."

Askari alikuwa kijana mwaminifu, akaripoti mjini kwamba amemwona Faki. Akaitwa kupimwa macho, na aliyekuja badala yake hakuona kitu kabisa. Polisi walipewa amri ya kutomsalimia. Kwa njia hiyo Faki akawa mtu huru kuliko wote katika nchi yetu. Alikuwa akipita mbele ya kituo cha polisi akisema kwa sauti, "Mwani unaumwa jamani, tena unaumwa sana," nao wakitazama ukutani.

Kazi yenyewe hakuijua. Kila akitoka baharini alipita nyuma ya nyumba yake na kuzungumza na ukuta. Nami nilikuwa nimeachwa kijijini kusimamia maombolezo ya kitaifa, kwa hiyo nililala jirani.

"Mama Shame, uzi unanikata vidole."

"Legeza," ukajibu ukuta. "Si kitanda hicho, ni kitu hai. Kikipata nafasi kinakua."

"Nimeona ncha moja imepauka."

Ukuta ukasema, "Ikate mpaka kwenye kahawia. Usiiachie majini, njoo nayo juu, uichimbie. Na kisu ukioshe kwa maji ya moto. Baba Shame?"

"Naam."

"Umekula?"

"Nimekula. Marehemu wanapewa sana chakula."

Nilimsikia Bi Mize anacheka ndani ya eda yake, amejiziba mdomo. Ncha ile ilichimbiwa. Tuliishi bamvua baada ya bamvua tukiwa roho juu, kila mmoja akiulizia rangi ya kamba bila kuuliza, na rangi ikabaki kahawia. Wanawake walipomaliza muda wao mmoja mmoja, walishuka ufukweni, na marehemu akawakatia mbegu kama mila inavyotaka, kichipukizi kwa kichipukizi. Kutoka Mtunguu mbegu ikapanda kaskazini, kijiji kwa kijiji, na safari hii walisubiri vigingi visafishwe kwanza. Pwani ikarudi rangi yake.

Mlezi Mkuu akatunukiwa Nishani ya Mwani kwa kuutokomeza ugonjwa ambao haujawahi kuwepo. Niliongoza makofi.

*

Eda ya Bi Mize ilipokwisha, alipanda gari hadi mjini kwa Waziri Makungu. "Namtaka mume wangu," akamwambia.

"Mama, mumeo Mheshimiwa alimtilia udongo kwa mkono wake. Unataka kusema Mheshimiwa alizika mgomba?"

Bi Mize hakutaka kusema hivyo. Akarudi.

Basi Faki akaendelea kuwa marehemu. Nyumbani hakuruhusiwa kulala, maana mjane haishi na mtu asiye mumewe, na mumewe alikuwa na kaburi. Alilala kwenye banda la kukaushia mwani. Lakini baharini hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kumwona, kwa hiyo kila maji yakitoka walishuka wawili, wakafunga mwani kamba moja, yeye upande huu na mkewe upande ule, wakikutana katikati. Nimeshereheshea harusi nyingi za wakubwa. Ndoa yenye raha kama ile sikuiona.

Siku moja ya maji makavu alikanyaga samaki aitwaye taa, aliyejifukia mchangani, na mwiba ukamwingia kisiginoni. Alicheka, akaufunga kitambaa. Baada ya siku chache mguu ukavimba hadi gotini, ukawa wa moto. Muuguzi wa kituo cha afya, binti wa hapo hapo kijijini, aliutazama akasema, "Vijidudu vimeingia, mjomba," kisha akajiziba mdomo. Alimsafisha kidonda kwa alivyokuwa navyo. Kilichotakiwa kilikuwa sindano, tena za kawaida tu, na sindano zilikaa bohari ya wilaya.

Bohari ikauliza jina la mgonjwa. Muuguzi akalitaja. Wakasema marehemu haandikiwi dawa. Sheha alisikia hayo, akaenda mwenyewe na kutoa jina lake yeye. Wakamuuliza anaumwa nini, maana dawa ile ni ya kuua bakteria, na nchi haina bakteria. Sheha akasimama pale dirishani mpaka wakafunga. Alirudi na dawa ya kikohozi, ndiyo pekee waliyokubali kumpa, akaiweka kwenye kizingiti cha banda na kukaa chini, akalia mbele za watu.

Bi Mize alikuwa ndani ya banda, amempakata mguu. Alikuwa anaukanda kwa maji ya moto. Maombolezo ya kitaifa hayakuwa yamefungwa rasmi, kwa hiyo nilikuwa bado kijijini, nikasimama mlangoni. Faki alikuwa anatetemeka na bado anauliza kama ile kamba ya mwisho imefungwa. "Imefungwa," mkewe akamwambia. "Umeifunga vizuri. Umeilegeza kama nilivyokwambia."

Alikufa maji yakiwa yamejaa. Kaburi lilikuwa lake tayari, na jina juu yake. Waliufukua mgomba, wakamlaza yeye.

Kesho yake askari wa kituoni akaripoti mjini kwamba Bi Mize amevaa nyeupe tena, na mjini wakashtuka, kwa sababu walikuwa wameikumbuka ile safari ya kwanza. Waziri akanipigia simu mimi mwenyewe. Niende na gari la spika nikatangaze kwamba Mtunguu hakuna aliyekufa, na Sheha amhoji mwanamke mbele yangu.

Sheha alipiga hodi kwa sauti ndogo. Bi Mize akafungua nusu ya mlango. Sikuwahi kuona uso umechoka namna ile.

"Bi Mize," Sheha akasema, "wanauliza kafa nani."

Alitutazama sote wawili. Mume hafi mara mbili, hilo alilijua kuliko sisi.

"Hajafa mtu, Sheha," akasema. "Kamba yangu imeingia weupe."

Jibu hilo ni kosa la jinai, na mimi nilikuwa ofisa wa serikali. Sheha akainamisha kichwa, akasema, "Pole sana, dada'ngu." Hilo nalo ni kosa.

Nikageuka kuangalia pwani. Maji yalikuwa yametoka, na ng'ambo ya mkondo kamba zake zilionekana hadi mwisho, kahawia tupu, nzito, mwani mzima kuliko wowote katika nchi ile. Wanawake wa Mtunguu walikuwa wanakuja na vyakula vilivyofunikwa. Waliviweka mlangoni kama mila inavyotaka, na wakashuka wote kuzihudumia kamba za mwenzao. Wanaume kadhaa waliinuka barazani wakawafuata.

Niliwasha spika. Nikatangaza kwamba Mtunguu hakuna aliyekufa. Hapo ndipo taratibu zinanitaka niwaambie watu wapige makofi. Nilikizima kipaza sauti, nikakiweka ndani ya gari, nikavua viatu.